Nilikisikia Chuma, Nikasema Sikukisikia

Bibi Palmira mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba pia jina langu usilitaje gazetini, maana mji huu unajua hata rangi ya soksi zangu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tatu, shule niliishia darasa la tano baada ya kumchoma mwalimu makalioni kwa fito, kwa hiyo nikikosea maandishi nisamehe, lakini kwenye mambo ya mchezo wa upanga usinisahihishe, huko nilisoma mpaka nikapitiliza.

Nilishakwenda kuungama kwa Padri Gualtiero, nikamweleza yote tangu mwanzo, akaniuliza, "Sasa dhambi yenyewe iko wapi?" akanipa Salamu Maria tatu, lakini padri ni mtu wa mpira, upanga ukigonga upanga yeye hajui haki ni ya nani, ndiyo maana nakuandikia wewe uliyecheza.

Basi, unajua mimi na Nazzareno mwokaji mikate tunapigana ukumbini kila sikukuu ya Mtakatifu Floriano, tangu tukiwa na nywele, pointi tano, na anayeshinda anachukua ciauscolo ya kilo mbili, ile soseji yetu laini ya kupaka kwenye mkate, na anayeshindwa anatazama mwenzake akila. Mwaka huu tulifika nne kwa nne, mimi magoti yanalia, yeye anapumua kama mvukuto wa mhunzi, nikaona upenyo, nikanyoosha mkono nikamrukia, kuruka kwa umri wetu, usicheke, upanga wangu ukamgusa kifuani na wake ukanigusa tumboni, taa yangu ya kuonyesha mguso ikawaka na yake ikawaka. Hapo sasa ndipo anapohitajika mwamuzi, kwa sababu kwa huu upanga wetu mwembamba taa mbili hazitoshi, pointi ni ya aliyeanza kushambulia mkono umenyooka, isipokuwa kama mwenzake alimpangua kwanza, yaani aliupiga ule upanga ukaacha njia, ndipo haki inahamia kwake na jibu lake ndilo linalohesabiwa. Hata nyumbani kwangu tunagombana hivyo hivyo, mke wangu Elide akisema, "Umeacha tena viatu vya matope jikoni," nami nikarukia, "Na wewe jana uliunguza maharage," ananinyooshea kidole: "Hujapangua! Pointi yangu. Toa viatu."

Sasa, Bibi Palmira, Nazzareno alinipangua. Hakufanya mbwembwe, alipangua kidogo tu, ting, lakini alipangua kwa ile sehemu nene ya upanga karibu na mkono, wangu ukapotea kabisa, ukarudi kumgusa baadaye kama mlevi aliyekosea mlango akajaribu tena. Nilikisikia chuma kwa vidole vitatu hivi hivi ninavyoandikia.

Mwamuzi alikuwa Ilenia, mjukuu wa Nazzareno mwenyewe, msichana wa miaka ishirini na mbili, ambaye Jumamosi ijayo anafanya mtihani wa uamuzi wa taifa kule Ancona. Wakati ule ule bendi ya maandamano ya sikukuu ilikuwa inapita nje, tarumbeta zinapiga kelele kama ng'ombe anazaa, naye hakusikia kitu. Akanyoosha mkono upande wangu: "Shambulizi limegusa. Pointi." Ukumbi ukalipuka. Nazzareno akavua kofia yake ya waya, akanijia polepole, akaniuliza mimi, mjukuu wake hakumtazama kabisa:

"Wee fundi, hukusikia chuma?"

"Chuma gani?"

"Nakuuliza mara ya pili. Hukusikia chuma?"

"Labda ni meno yako ya bandia hayo, babu."

Watu wakaangua kicheko, nikapewa soseji, nikaibusu mbele ya mpiga picha.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Nazzareno haji baa kucheza karata, nikienda kununua mkate ananigeuzia mgongo kama vile tanuri limemwita. Hilo ningelivumilia, kanigeuzia mgongo mara nyingi na ana mgongo mzuri. Lakini amemwambia Ilenia ana macho ya mapambo, na kwamba alininyooshea mimi mkono kwa kuogopa kuambiwa anampendelea babu yake, na msichana sasa anasema mtihani haendi. Juzi nikamkuta amekaa kwenye ngazi za ukumbi, akaniuliza, "Mzee wangu, wewe ndiye uliyeshika upanga. Nilikosea?"

Nikamwambia, "Hukukosea, mwanangu," nikidhani nampoza.

Akaanza kulia. "Kwa hiyo babu yangu ni mwongo?"

Nikajifanya nimesahau baiskeli ya mtu mlangoni, nikaondoka.

Sasa nikisema kweli, namuumbua mtoto wa watu siku chache kabla ya mtihani, na nisiposema, Nazzareno anabaki mwongo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Elide hajui lolote. Na soseji nimeshaila nusu. Nifanyeje?

Ni mimi,
Mshindi wa Soseji

*

Mshindi wa Soseji,

Umeniomba nisitaje jina lako, kisha ukaniandikia nyuma ya risiti za karakana yako, jina limechapwa juu kwa wino mwekundu. Haya, nimelificha. Lakini umenitajia mwokaji, mjukuu wake, mtakatifu, na uzito wa soseji, na mji wetu una watu elfu nne. Unadhani umejificha nyuma ya nini?

Pole. Nasema kwa moyo, kwa sababu mtu asiye na aibu asingejaza risiti sita. Na Elide anajua. Alikuwa amekaa nami mstari wa tatu, alipokuona unaibusu ile soseji akaniambia, "Akicheka hivyo, ujue ameiba."

Sasa nisikilize. Unaniambia umenyamaza kwa kumwonea huruma msichana. Huo ni mkono uliokunjwa, mzee. Mtu anayekuja mbele mkono umekunjwa huku anapiga kelele kwamba anashambulia hana haki yoyote, na wewe umewafundisha watoto wa mji huu jambo hilo miaka thelathini. Unamwogopa Nazzareno, na ile nusu iliyobaki unaitaka. Nyoosha mkono.

Ilenia alihukumu alichokiona na alichokisikia, na masikio yake yalijaa tarumbeta. Ukumbi mzima, mtu mmoja tu alikuwa na vidole kwenye ule upanga. Umesahau tulivyocheza kabla hawajatuletea taa? Aliyeguswa aliinua mkono mwenyewe. Uliwahi kunigusa mimi hapa chini ya titi, tukiwa na miaka kumi na sita, waamuzi wote wanne wanasinzia, nami nikainua mkono, na nikakuchukia mwezi mzima, lakini niliinua.

Kwa hiyo msichana usimwambie "ulikosea". Mwambie "nilikudanganya". La kwanza lingekuwa mzigo wake, la pili ni lako. Anahitaji kujua kabla ya Jumamosi kwamba macho yake ni mazima na babu yake si mwongo, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Nenda kwenye duka la mikate asubuhi, watu wakiwa wamejaa, na usipite mlango wa nyuma. Ilenia yuko kwenye kaunta mpaka saa sita. Beba ile nusu soseji. Sema maneno mawili: "Nilikisikia chuma." Habari za meno usiziongeze. Nazzareno atakutukana, ana matusi ya miaka hamsini ameyatunza. Yeye ndiye atakayekuwa ameanza, haki ni yake, na huruhusiwi kujibu mpaka umpangue kwanza. Mimi nakwambia usipangue. Acha likuguse.

Jibu hili nimelipitisha chini ya mlango wako Jumatatu, ili uwe na siku tatu kabla gazeti halijatoka. Kama umefanya nilivyosema, leo mji unasoma habari kuukuu na kucheka pamoja nawe. Lakini kama wewe ni yule yule usiyefungua barua, na haya unayasoma sasa hivi, Alhamisi, baa, kahawa mkononi, basi tazama saa. Nazzareno hulifungua gazeti hili kwenye kaunta yake saa mbili kamili, na huanza na ukurasa wangu.

Kutoka hapo ulipo mpaka kwenye mikate ni hatua sitini. Acha kahawa. Na uinue mkono ukiwa bado barabarani, akuone kwa mbali.

Palmira