Ngozi Isiyong'aa

Dada yangu,

Goti la Mama limepona; ameshaanza tena kugombana na jirani, basi ujue ni mzima.

Kile kipande cha ngozi ya mwanao inayopasukapasuka kililetwa maabara kwetu, nikakipima mwenyewe. Huwa tunapaka ngozi kingamwili, dawa yenye rangi inayonasa protini ya kusafirisha mafuta ya ngozi. Protini ikiwepo, chini ya hadubini panang'aa kijani. Kwa mtoto palikuwa giza tupu. Nikamwomba Mungu iwe kingamwili ndiyo imeharibika. Nikajikata mkononi, nikapima ngozi yangu kwa kingamwili ya chupa ileile. Iling'aa, dada, iling'aa mpaka nikafumba macho.

Daktari atakuita. Akikuambia uwe na subira, usimtukane. Endelea kumpaka mtoto mafuta. Najua hayakai. Mpake tu.

Ni mimi mjomba wake, mwenye ngozi nzima isiyomfaa.