Suruali Iliyopasukia Mwambani

Dimanche, yaani Jumapili, saa za jioni. Kiangazi, vumbi la Mudaka lingali masikioni.

Raia wote, wanaume kwa wanawake, wanaarifiwa kwamba leo asubuhi suruali ya ofisini ya mwenye daftari hili ilipasuka gotini, katika mazingira ya ushujaa. Bendera zisishushwe. Suruali itashonwa.

Sasa nieleze. Nyuma ya Mudaka kuna mwamba ambako zamani walichimba mawe. Wachimbaji walipigilia vyuma toka chini mpaka juu, kama ngazi, na pembeni wakapitisha kamba ya chuma ya kujishikiza. Kampuni ilienda, vyuma vikabaki. Mimi na Bahati, mwenzangu wa ofisini, tumeamua kuvipanda kwa raha tu. Unavaa mukaba wa turubai kiunoni, wenye kamba mbili, kila moja na kulabu yake. Kulabu moja inashika ile kamba ya chuma, nyingine inasogea. Usizitoe zote mbili kwa pamoja, basi.

Mwezi mzima nimefanya mazoezi kwenye vyuma vya baraza yetu hapa Nguba, majirani wakitazama. "Papa Furaha, unaenda kutafuta nini kule juu?"

Hakuna kitu, nawajibu.

Siku ya Samedi naitwa salongo, kazi ya lazima ya mtaa, nafyeka majani ya barabara. Siku ya Lundi, juma la kazi likianza, naitwa kwenye bendera ya ofisi, naimba. Kule mwambani hakuna aliyeniita. Ndiyo sababu naenda, na siombi ruhusa ya mtu.

Isipokuwa ya mke wangu.

Leo asubuhi Maman Furaha aliniona nahangaika na mukaba huo, maana hauna bizimu, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaufunga mwenyewe, kwa fundo lile la kufungia mtoto mgongoni.

"Mutoto wa kilo quatre-vingt-dix, tisini nzima," akasema. "Sikia. Ukishindwa kufika juu, hii mukaba itafunga mbuzi yetu. Na habari ya vyuma iko imeisha."

"Na nikifika?"

"Fika kwanza, papa."

Nilifika. Bahati ameshaeleza mtaa mzima kwamba nilipanda kama nyani, bila kupumzika. Sikumkatiza.

Lakini daftari hili silidanganyi. Katikati ya mwamba kuna chuma kimoja kimeng'oka. Nilirusha mguu, mguu ukakosa, goti likakwaruza jiwe, nami nikaning'inia kwenye fundo la mke wangu, nikizunguka polepole. Bahati akaniita toka chini: "Papa Furaha, shuka tu. Sitaambia mutu."

Nilitaka sana kushuka. Ila kushuka kunataka utazame chini, na hilo lilinishinda. Kupanda kulitaka nitazame jiwe tu. Nikapanda. Ushujaa wangu wote ndio huo.

Juu nililala chali, nikacheka peke yangu kama mtu aliyeiba.

Nyumbani fundo liligoma kufunguka. Maman Furaha akavuta, akatumia meno, halikulegea. Mwanamke aliyebeba watoto sita anajua fundo linakazwa na nini. Akatazama goti langu, akanitazama usoni.

"Ulifika?"

"Nilifika."

Akaenda kutafuta sindano. Sauti ikatoka chumbani: "Dimanche ijayo nitakufunga mara mbili."

Mbuzi ajitafutie kamba yake.