Aliyeng'atwa Abaki Nje

Jumapili, 2 Juni 1996

Kanisa asubuhi, ugali na omena mchana, kisha pazia chini. Kama kawaida. Kaka yangu Wafula amekodisha kaseti ya zamani, isiyo na rangi, maiti wakitoka makaburini. Tumeshaitazama mara nyingi. Bado nilipiga kelele. Mama akijua kule Bungoma hivi ndivyo wanawe wanavyomaliza Jumapili, atafunga na kuomba.

Halafu mchezo wetu. Mazimwi wakitokea upande wa Jogoo Road, tutakimbilia wapi? Mimi: juu ya tangi la maji hapa Makongeni. Yeye: Komarock kwa binamu, kuna ukuta na geti. Silaha: yeye nyundo ya karakana, mimi kisu changu cha kukatia ngozi kule kazini Kariokor. Sheria ni moja, na aliiweka yeye: aliyeng'atwa abaki nje, hata awe ndugu.

Leo nilipoitaja hakucheka. Akainuka kuosha vyombo. Wafula haoshi vyombo.

Alhamisi, 6 Juni

Baba Njeri, anayetuuzia makaa pale kona, ni mgonjwa. Mkewe anauza peke yake. Anasema mzee hawezi kumeza maji. Akiletewa kikombe anatetemeka, koo linajikaza. Hata upepo wa mlangoni unamtisha.

Nikawaza: kama filamu. Ikanisisimua kidogo. Kisha nikaona aibu.

Jioni nimemsimulia Wafula. Chai ikammwagikia mapajani.

Jumamosi, 8 Juni

Baba Njeri amefariki. Kichaa cha mbwa. Hospitalini ilibidi wamfunge kitandani. Baada ya Pasaka mbwa wa kahawia alimng'ata mkono palepale kwenye makaa. Akapaka jivu, akaendelea kuuza.

Vijana wanapiga mbwa wote wa mtaa kwa mawe. Sauti mbaya sana. Wafula ameshinda ndani, pazia chini, bila kaseti.

Jumapili, 9 Juni

Tulienda matangani, yaani mimi. Wafula alisema amechoka. Nilikuwa namenya viazi Mama Njeri aliponishika mkono.

"Mwambie ndugu yako Mungu ambariki. Ni yeye alimtoa huyo mbwa kwenye mkono wa Baba Njeri. Na mguu wake, ulipona?"

Nikasema ulipona. Sikujua habari ya mguu wowote.

Nilirudi nyumbani polepole. Nikasimama nje ya mlango wetu wenyewe. Hakuna atakayesoma hapa, kwa hivyo naandika: niliogopa kuingia. Nilimwogopa ndugu yangu. Nilimwona kichwani, macho mekundu, mate kidevuni. Kisha nikamsikia akikohoa, kile kikohozi chake cha sigara. Nikaingia.

"Pandisha suruali."

Alinitazama. Akapandisha. Kovu kwenye muundi, alama za meno wazi kabisa.

"Mbona hukuniambia?"

"Sindano za tumbo, Nekesa. Niliziogopa. Kidonda kikapona, nikasema basi. Halafu mzee akaugua, nikaona nimeshachelewa."

Akaniambia niende kwa shangazi. Akasema sheria ni sheria. Nikamwambia anyamaze avae viatu.

Jumatatu, 10 Juni

Foleni ya hospitali haikusonga. Mara mbili alitaka kuondoka. Nilimshika mshipi kama mtoto.

Daktari alimgombeza mpaka watu wakageuka. Kisha akasema dalili hazijaanza, kwa hivyo iko nafasi. Hakuahidi. Siku hizi wanadunga mkononi, si tumboni. Wafula aliposikia hivyo akalia mbele ya kila mtu. Wiki zote hizo, kwa kuogopa kitu ambacho hakipo tena.

Atarudi kwa nyingine. Namtazama akinywa maji. Kila funda. Anajua namtazama.

Jumatano, 19 Juni

Homa. Kichwa, baridi, jasho. Asubuhi amesukuma uji, amesema koo linamkwaruza. Nimechukua nyundo yake nikaificha chini ya kitanda changu. Najichukia.

Saa kumi jioni. Tumetoka kwa daktari. Malaria. Nimecheka mpaka nesi akadhani nimerukwa na akili. Malaria tu!

Jumapili, 14 Julai

Sindano zimekwisha. Daktari ameridhika. Wafula ameongeza mwili.

Baada ya kanisa alikwenda kumsaidia Mama Njeri kushusha magunia ya makaa. Biashara ni ya mama huyo sasa. Wafula huwa anakwenda bila kuambiwa, na hatuzungumzi kuhusu hilo. Hatukukodisha kaseti. Hakuna aliyesema tusikodishe.

Alirudi mweusi mpaka viwiko, akasukuma mlango kwa viganja vyote viwili. Nikamgombeza. Akaenda kuoga akiimba wimbo wa kwaya, sauti mbovu ileile.

Viganja vyake vimebaki mlangoni, vidole vyote vimetanuka. Nimelowesha kitambaa. Nimekiweka kando. Nitavifuta kesho.