Bunju Wadogo Ulioniachia

Kilwa Masoko
Jumatano, mwezi wa pili wa eda

Baba Zuhura,

Amani iwe juu yako huko uliko. Kaburini kwako sijafika, na eda bado hainiruhusu kutoka, kwa hiyo nimechukua daftari lako la karakana, lile lenye kurasa tupu nyuma, nikaona nikuandikie. Nina jambo limenikaa kifuani wiki nzima. Bunju wako, wale samaki wadogo, wamekufa. Si wote. Walikuwa wanne, amebaki mmoja. Na hawakuugua. Niliyewaua ni mimi.

Unakumbuka walivyokuja. Ulikwenda Dar kutafuta vipuri vya majokofu, ukarudi na nusu ya vipuri na ndoo yenye kifuniko, ndani yake mfuko wa nailoni uliojaa maji na hewa. Uliniambia kondakta alikuuliza umebeba nini, ukamjibu kuwa ni dawa. Nilipoona kilichokuwamo nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu mzima wa Kilwa, aliyekua akiona bunju wakitolewa wavuni na kutupwa mchangani kwa sababu ya sumu yao, anapanda basi kwenda kununua bunju! Tena wenyewe hawazidi korosho moja iliyobanguliwa. Ukasema, "Hawa si wa kula, Mama Zuhura. Ni wa kutazama."

Na kabla yao tangi lilikuwa limekaa sebuleni zaidi ya mwezi bila samaki. Ulilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya kabati la duka, ukatandaza mchanga wa mtoni uliouosha mara saba, ukapanda majani ya maji uliyoyatoa kwenye kijito cha Miteja, ukatia pampu ndogo ya hewa na kipande cha sponji, ukajaza maji ya mvua. Kila aliyeingia alikuuliza samaki wako wapi. Ukawa unajibu jibu moja tu, "Maji hayajakomaa." Uani ukafuga konokono kwenye ndoo. Jioni unakaa kwenye kigoda mbele ya kioo unanieleza kwa nini hiki na kwa nini kile, na mimi kwenye mkeka nabangua korosho na kukuitikia, "Ehe. Ehe."

Leo nikiri, mume wangu. Nilikuwa naitikia tu. Sikuwa nasikiliza.

Samaki hawajamaliza wiki mbili ndani ya tangi, ukaanguka karakana.

Msiba wako ulikuwa na watu wengi. Watani wenu kutoka Rondo walikuja na mambo yao. Bibi mmoja alivaa msuli wako, akakaa kwenye kigoda chako, akalikodolea macho tangi na mdomo wazi, na kila aliyepita mbele yake alimfukuza kwa mkono, "Tulieni nyie, maji hayajakomaa." Watu walicheka, nami nikacheka, kisha nikashindwa kuacha kulia. Alikuwa amekuiga sawasawa, hadi namna ulivyokuwa ukijikuna goti.

Siku zile za matanga wifi Mwanahawa alisafisha ua. Akaikuta ndoo ya konokono, akaimwaga shimoni na kuisugua kwa majivu. Simlaumu. Dada yako alikuwa na watoto wa watu wanachezea pale, na sote tumefundishwa shule kwamba konokono wa maji ndio wanaoleta kichocho. Kabla hajaimwaga alikuja kabisa, akaniuliza ile ndoo ni ya nini. Nikasema sijui.

Baada ya watu kutawanyika nyumba ilinyamaza. Nikabaki mimi, wifi anayeingia na kutoka, na sauti ya ile pampu. Hapo ndipo nikaanza kuwatazama samaki wako. Niliona matumbo yao yanaingia ndani. Niliwatilia punje za wali, hawakugusa. Makombo ya mkate, hawakugusa. Nikasaga dagaa nikawanyunyizia, wakautazama unga ukizama mpaka chini. Mwishowe wakawa wanalala mchangani, mkia umekunjwa pembeni, na yale macho yao, moja linatazama huku na jingine kule.

Nikafikiri kama anavyofikiri mtu yeyote wa hapa. Bunju ni samaki wa bahari. Hawa wamewekwa kwenye maji ya mvua, wanakumbuka kwao. Nikamwomba wifi aniletee ndoo moja ya maji ya bahari. Alifurahi. Alisema hatimaye katika nyumba hii amepatikana mwenye akili. Niliyamimina taratibu kwa kikombe, na nitakuambia ukweli, ilikuwa mara ya kwanza tangu ulipozikwa kujisikia nimefanya jambo la maana.

Asubuhi yake mmoja alikuwa amelala ubavu juu ya maji. Adhuhuri wa pili. Kesho yake wa tatu, na majani yako yameanza kulegea kama mchicha uliochemshwa.

Nikampigia simu Zuhura wetu, kule shuleni kwake Lindi. Nilimweleza yote. Akasema polepole, "Mama, si Baba alikwambia? Hao ni wa mito ya India. Chumvi hawaijui. Na walikuwa na njaa tu, chakula chao ni konokono."

Hakusema kwa ubaya, mwanao ana adabu. Lakini lilinichoma. Yeye aliyasikia kwako kwenye simu, akiwa mbali, akayahifadhi. Mimi nilikuwa mkekani, miguuni pako.

Tangu siku hiyo nakaa najaribu kukumbuka ulichokuwa ukisema jioni zile. Naiona mikono yako inavyofuta kioo kwa upindo wa msuli. Sauti yako naisikia, inapanda pale unapofurahi. Maneno hayapo. Ninayasubiri, hayaji. Ungekuwapo ningekuuliza tena, ungenicheka kidogo na kuanza upya, hukuwa mtu wa kuchoka kueleza. Sasa hakuna wa kumuuliza, Baba Zuhura. Zuhura ananiambia alichonacho, lakini anachonacho ni kidogo, naye ana kazi zake.

Aliyebaki nimempigania. Kila siku natoa vikombe kadhaa vya maji ya tangi, natia vingine vya mvua, pole pole, asishtuke. Umeme ukikatika nakaa hapo nateka maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa. Konokono sina pa kuwapata nikiwa ndani, basi nikaweka ndoo ya maji uani, nikaiacha wazi mpaka viluwiluwi vya mbu vikatokea. Nikaifunika kwa kipande cha chandarua kikuukuu, navichota kwa kichujio cha chai kabla havijaota mbawa. Wifi alipoiona alishika kiuno. "Wenzio wakikaa eda wanafuga subira," akasema, "wewe unafuga mbu." Nikamwambia ni mbu wa kaka yake. Akaguna, akaenda zake, lakini ile ndoo hakuimwaga.

Siku nne samaki hakula. Jana, baada ya kufua, nilimtilia kiluwiluwi kimoja. Akatoka nyuma ya sponji. Akasimama mbele yake bila kutikisika, jicho moja likageuka, la pili likafuata. Kisha akakirukia. Kikaisha. Nikatia kingine, nacho akakila, nikaona tumbo lake linajaa mbele ya macho yangu.

Nikaita kwa sauti, "Baba Zuhura, njoo uone."

Ilinitoka tu. Nikageuka kabisa kuelekea mlangoni.

Siku zote aliyeita ulikuwa wewe. "Mama Zuhura, njoo uone." Nami jikoni najibu, "Nakuja," na siji, kwa sababu chungu kiko motoni na nilijua kesho utaita tena. Sijui ni mara ngapi ulisimama pale ukinisubiri. Jana nilisimama mimi. Nilisubiri muda mrefu kuliko inavyofaa mtu mwenye akili zake.

Nakuomba radhi kwa wale watatu. Wifi aliwafukia chini ya mpapai, mbali na kuku. Na nakuomba radhi kwa kila "nakuja" niliyokujibu na nisije.

Huyu mmoja nitamtunza. Eda ikiisha nitakwenda mwenyewe Miteja kutafuta majani mengine na konokono, na wenzake sitamletea mpaka niwe nimejua ninachofanya. Zuhura akipiga simu na hadithi zake ndefu za shule, nitaweka chini nilichoshika, nimsikilize mpaka amalize. Hilo nakuahidi.

Pumzika, mume wangu. Dua zangu ziko nawe kila baada ya sala.

Unikumbuke nami.

Mkeo,
Mama Zuhura