Meerim Hakununa

Nyumbani, Karakol
Tarehe 11 Mei, 2019

Mpendwa Dada Gulzina,

Kuna sauti inayonifuata tangu sikukuu ya Nooruz mwezi Machi: du, du, du, taratibu, kwenye ukuta ulio kati ya meza yangu na kitanda cha mwanao Meerim. Nitakueleza. Kwanza zipokee salamu zangu. Hujambo, dada? Baridi ya Yekaterinburg imewaachia kidogo? Mgongo wa Shemeji Ulan umepoa, au bado anaendesha teksi huku amejifunga shali la kike?

Sisi hatujambo sasa. Kwa sababu ya hilo neno "sasa" nimeamua kuandika badala ya kupiga simu. Nikikupigia, Mama hukaa ubavuni mwangu akinikumbusha la kusema. Barua hii anakuletea jirani yetu Jyldyz, anayesafiri kesho, pamoja na mfuko wa kuruti, yale madonge ya mtindi. Mama ameyakausha kwa chumvi nyingi, kama unavyopenda.

Miti ya aprikoti ilichanua mapema, kisha baridi ikarudi ikaangusha nusu ya maua. Mama ameichukia baridi hiyo kana kwamba ni jirani aliyeruka ua kuja kumharibia.

Haya, sasa ile sauti. Baada ya Nooruz Meerim alipata mafua yasiyokwisha. Alasiri moja nilikuwa nikiandika tasnifu yangu, nikasikia du, du, du. Nilijua ni yeye. Sikuinuka. Nilichukua kalamu nikaugonga ukuta kwa ukali ili anyamaze. Akanijibu kwa kugonga. Nilidhani anafikiri tunacheza. Basi nikachukua pamba nikaziba masikio yangu, dada, masikio yangu mazima, nikaendelea kuandika.

Mtoto alikuwa anagonga kichwa ukutani kwa maumivu.

Mama alipogundua kuwa ni sikio, alitoa taa ya buluu ya marehemu bibi, ile ya kupashia sikio joto. Unaijua, wewe mwenyewe umelala chini yake mara nyingi. Akapasha moto spiriti ya boriki, ile dawa yake ya masikio, kwenye kijiko, akamdondoshea sikioni. Mimi ndiye niliyeshika taa. Nimesoma miaka yote hii, na nilipoona ule mwanga wa buluu shavuni mwake nilihisi utulivu tu, kama nimerudi utotoni. Spiriti ilipoingia alipiga ukelele. Mama akasema, "Vumilia, roho yangu, inachoma kwa sababu inatibu," nami nikamshika mikono asijipapase.

Asubuhi yake mto ulikuwa na usaha wa manjano. Mama alifurahi. "Umeona? Uchafu umetoka wenyewe." Lakini homa haikushuka, nikambeba. Ilikuwa Jumapili na zahanati ya serikali imefungwa, tukaenda ile kliniki ya karibu na soko inayopokea wagonjwa wa dharura bila miadi. Mama alitufuata njia nzima akilalamika kwamba ninampeleka mtoto kwa watu wa sindano.

Daktari ni mwanamke wa rika lako, anaitwa Burulcha. Alimpa Meerim dawa ya maumivu kwanza, akangoja itulie, ndipo akachungulia masikio kwa kifaa chake chenye taa. Alichungulia la kushoto, akahamia la kulia, akarudi la kushoto.

"Nani amempasha moto mtoto huyu?"

"Mimi," akasema Mama. "Taa hiyo imewatibu wanangu wote wanne."

"Mama yangu, usaha haukaushwi kwa taa kama kuruti. Na spiriti, harufu yake naisikia, imemwagwa kwenye ngoma ya sikio iliyotoboka. Hebu niambie, hao wanne, ukiwaita wanaitika mara ya kwanza?"

"Hakuna anayeitika mara ya kwanza! Lakini huo ni ujeuri wa ukoo wa baba yao."

Hata daktari alicheka. Mimi sikuweza, kwa maana nilikuwa nimeanza kuelewa. Daktari alituambia kwamba masikio yote mawili yamejaa majimaji, na kwa jinsi yanavyoonekana, yalijaa wiki nyingi kabla ya usaha huu. Mtoto husikia kama aliyezamishwa kichwa majini. Akauliza kama tulikuwa tumeona dalili yoyote, na kabla sijajibu, Meerim, aliyekuwa amepata nafuu ya maumivu, akasema kwa sauti kubwa mno:

"Mama yangu wa kwenye simu siku hizi anafungua mdomo tu. Hasemi."

Dada, nisamehe. Uliponiuliza mbona hakuitikii, nilikujibu kwamba amekununia kwa kuwa hukuja Nooruz. Nilisema hivyo kwa uhakika, kama mtu aliyemuuliza mtoto na kujibiwa. Ukasema basi hutamchukua kama ulivyopanga, abaki huku aanze shule, hutaki kumng'oa kwa nguvu. Nami nilifurahi. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko taa. Nimemzoea, dada. Ananiletea chai mezani nusu ikiwa imemwagika, analala akiwa ameshika kidole changu. Ulipotamka kwamba abaki, sikujisumbua hata kujiuliza kama nilikuambia kweli. Kesho yake tu nilikwenda kumwandikisha darasa la kwanza.

Daktari alimpa dawa ya maji ya kunywa ya kuua vijidudu, na akakataza kabisa kitu chochote kuingia sikioni, maji au mafuta au spiriti. Dawa nimempa mwenyewe mpaka ikaisha. Tuliporudi kuangaliwa, sikio la kulia lilikuwa safi. Ngoma ya kushoto inaziba lakini bado anasikia kwa shida upande huo, na daktari ataipima tena mwezi ujao. Hakuniahidi kitu, akasema tu kwamba ana matumaini. Mama ameificha taa kabatini na hasemi nami sana, ingawa jana nilimkuta akimnong'oneza Meerim kwenye sikio la kushoto, akimjaribu.

Msalimie sana Shemeji Ulan. Mama anakusalimu na kukuombea, shangazi Raikan pia, na anauliza kama soksi za sufu zilikutosha. Mungu awakinge ugenini na awafungulie njia.

Jana nilikwenda shuleni nikaliondoa jina la Meerim. Katibu aliniuliza sababu, nikamwambia mtoto anahamia kwa mama yake. Nilipofika nyumbani nilichuchumaa mbele yake aone midomo yangu, nikamweleza kwamba hukuwahi kunyamaza, sikio ndilo lililokuwa limefunga mlango, na mimi ndiye niliyesema uongo kwamba amenuna. Akaenda kutoa nguo zake kabatini. Zimo kwenye begi dogo la buluu karibu na mlango. Njoo umchukue.

Mdogo wako anayekupenda,
Nurzat