Watoto wa Mkekani

Chunya, 12 Februari 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ni vumbi tu linalonikohoza. Mgongo wa mama unaendeleaje? Nakuandikia kwa kuwa masikio yako na simu havielewani siku hizi.

Nimepewa darasa la nne. Baba, wengi hawajui kusoma kabisa. Yupo binti anaitwa Jaha, ana miaka kumi na mitatu. Baba yake, Zubery, anasaga mawe ya dhahabu. Nikimwita asome, anarudia alichosema mwenzake, na kitabu amekishika juu chini. Nataka kona ya vitabu humu humu darasani, vyepesi, vyenye picha, mtoto achukue mwenyewe bila kuomba. Nitengenezee rafu fupi ambayo mkono wa mtoto utaifikia.

Mwanao,
Eveline

Iringa, 19 Machi 2023

Mwanangu Eveline,

Kamwene. Tunapumua, mama yako ameanza tena kwenda shambani. Rafu nimemkabidhi dereva wa lori la mbao. Ni ya mbao za msindano, nimeipiga msasa vizuri isije ikachoma watoto vidole. Ndani mna vitabu walivyochanga watu wa usharika. Kimoja hakina jalada, lakini hadithi yake imekamilika. Mama yako kaongeza mkeka, huyo Jaha asikae kwenye sementi ya baridi.

Baba yako,
Silvester

Chunya, 27 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwa ukimya. Afya ninayo, nafasi ndiyo sina. Mkeka haukosi watoto. Wale waliokuwa hawajui kusoma ndio hukaa pale baada ya vipindi. Jana Jaha alisoma hadithi ya fisi mpaka mwisho. Alipofika penye mzaha akacheka mwenyewe kabla yangu. Niligeukia ubao nikafuta mahali palipokuwa safi.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Sedekia, naye huja kusimama mlangoni kuwaangalia. Aliniuliza, "Hawa wa mkekani ndio wale wasiojua?" Nikamwambia ndio, ila wanakuja vizuri. Akasema, "Kazi nzuri, mwalimu. Umenirahisishia." Nimefurahi kwamba ameipenda.

Mwanao,
Eveline

Chunya, 5 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Leo salamu zangu ni fupi.

Wiki ya mtihani wa taifa ilipofika, Mwalimu Sedekia aliwatoa watoto wangu wa mkekani mbele ya paredi. Hakuuliza majina, alishawajua kwa sura. Akawaambia wabaki nyumbani mpaka mtihani uishe, wasije wakaishusha shule. Jaha akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi nasoma sasa."

Akampa waraka wa ofisini asome kwa sauti. Mstari wa kwanza aliusoma, Baba, wote. Akakwama kwenye "utekelezaji". Mwalimu Sedekia akacheka, na alipocheka yeye, shule nzima ikacheka. Zubery alikuwa bado yupo getini, kamsindikiza bintiye. Akaambiwa hapo hapo, "Huyu hafai shule, mtafutie kazi."

Nilimfuata mkuu ofisini nikamwambia si haki. Hata hakukasirika. "Mwalimu, si wewe ndiye uliyenionyesha?"

Nimelalamika wilayani. Walinisikiliza, wakanipa soda.

Mwanao,
Eveline

Iringa, 26 Novemba 2023

Mwanangu,

Kamwene. Barua yako nilimsomea mama yako, ugali ukaungua jikoni. Usijichape kwa kosa la mwenzio. Mlete huyo binti hapa. Chumba chako ni kitupu na shule iko jirani. Msikiti nao hauko mbali, hatutambadilisha dini. Zungumza na Zubery kwa heshima. Ni baba kama mimi.

Baba yako,
Silvester

Chimala, 14 Januari 2024

Baba,

Shikamoo wewe na mama. Nakuandikia nikiwa stendi.

Zubery alinipokea vizuri, akanipa kigoda. Nilipomaliza kumweleza maneno yako akasema, "Mshukuru sana mzee. Lakini walimu mliniambia mbele ya watu kwamba hafai. Nami nimeshampeleka anapofaa." Kumbe amemleta huku Chimala kwa mama mmoja muuza mchele, afanye kazi za ndani.

Leo nimemkuta uani anaosha masufuria. Aliponiona hakuinuka. Nilimwomba yule mama aniruhusu niondoke naye. Akasema amekabidhiwa na baba yake, atamrudisha kwa baba yake tu. Nikajieleza kuwa mimi ni mwalimu wake. Akacheka.

"Mwalimu wa huyu? Huyu nilimchukua kwa sababu hajui kusoma. Msichana wa kwanza alikuwa anasoma kwa siri meseji zangu kwenye simu. Nilimpiga, nikamfukuza usiku ule ule." Kisha akanitazama vizuri. "Au Zubery kanidanganya? Anajua?"

Jaha aliinua macho. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji, haisogei.

Nikamfikiria yule aliyefukuzwa usiku, nikasema, "Hajui, mama. Nilijaribu kumfundisha, nikashindwa."

Yule mama akaridhika, akanifungia mchele kidogo wa njiani. Jaha akainama akaendelea kuosha.

Mwanao,
Eveline