Uru Mbili Haipitwi

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Kifo cha Nilima Bhaduri
Jina: Sulekha Guhathakurta
Umri: Miaka 71
Kazi: Mwalimu mstaafu wa jiografia
Makazi: Bakulbagan, Kolkata

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia kwamba Anirban, mtoto wa marehemu, amemshtaki Haradhan Pakrashi, eti matusi yake mezani ndiyo yaliyomuua mama yake. Haradhan simpendi, na mwenyewe anajua. Siku zote nilisema mdomo wake utamponza kichwa. Lakini hili hakulifanya, na nitaeleza nimejuaje.

Mnamo tarehe 14 Desemba 2019, siku ya Jumamosi, saa kumi na moja jioni, tulikuwa klabu yetu ya mtaani tukicheza bridji, karata za wawili kwa wawili. Nilima alikaa mbele yangu, kwa kuwa ndiye mwenzangu tangu watoto wetu wako shule ya msingi. Haradhan alikuwa kushoto kwangu, na mwenzake, Ajit Mondol, kulia. Nilima alikuwa mchangamfu. Aliponiona tu alisema, "Shoga, hiyo shali inanuka dawa ya nondo. Umeifukua leo?" Nikamjibu, "Afadhali shali. Wewe unanuka maneno."

Karata zikagawiwa. Haradhan akafungua mnada wa kutaja aina ya karata, akataja uru moja. Nilima akamwingilia: "Shupaza moja." Ajit akapita. Mimi nilikuwa na shupaza nne na karata nzito, nikasema, "Uru mbili."

Bwana afisa, uru sikuwa na haja nazo. Mwenzako akiingilia mnada, nawe ukataja aina ileile ya adui, unamwambia: shupaza zako nazitaka, nina nguvu, niambie na wewe unazo kiasi gani. Akiwa dhaifu anarudi shupaza mbili. Akiwa na nguvu anapanda. Kupita hawezi, maana akipita mtabaki kucheza aina ya adui. Nilima ndiye aliyenifundisha hayo, jikoni kwake, huku anakaanga samaki. "Uru mbili haipitwi," alisema, "hata nyumba ikiwaka moto."

Haradhan akapita. Nilima akaziangalia karata zake, akasema, "Napita."

Ajit naye akapita, na mnada ukafungwa. Hapo ndipo Haradhan alipofungua kinywa, si kabla. Alicheka akasema, "Bibi mkubwa, umezeeka! Kaa nyumbani usokote tambi za taa, karata tuachie sisi." Nilima hakumjibu. Nilima, ambaye hajawahi kulala na deni la maneno.

Haradhan akatupa karata ya kwanza. Kwa kuwa mimi ndiye niliyetaja uru upande wetu, ilinipasa kucheza karata zetu sote wawili, na Nilima azilaze zake wazi mezani anyamaze hadi mwisho. Ndiyo sheria. Alizilaza kwa mkono wa kushoto, kopa zimechanganyika na pau. Na shupaza alikuwa nazo tano, zikiongozwa na ree, karata kubwa kuliko zote! Nilipoziona nilipandwa na hasira. Kila nilipotaja karata ya kucheza kutoka kwake alikuwa anachelewa, mpaka Ajit akawa anamsogezea.

Umeniuliza kwa nini sikuinuka. Kwa sababu mtu aliyelaza karata hasemi, nasi hatumsemeshi, na ukimya wake niliuona wa kawaida. Nilidhani ameona aibu. Nikasema moyoni, acha aone. Karata ya mwisho ilipoanguka niliinua uso nimgombeze, nikakuta mdomo wake umepinda upande mmoja na kichwa kimelalia begani. Haradhan ndiye aliyembeba mpaka kwenye teksi, huku analia. Alikata roho kabla hatujafika hospitali.

Basi andika hivi. Damu ilikuwa imeshamvujia kichwani aliposema "Napita." Nilima mzima asingepita, na matusi yalikuja baada ya hapo. Jana nilimwambia Anirban hivyo. Akanitazama, akasema, "Basi mama mdogo, wewe ulijua mapema kuliko wote." Nilisikia neno ambalo hangelisema akiwa na akili zake, nikalichukulia kuwa ni uzembe.

Kuna jambo jingine, sijui kama linafaa humu. Mwenzako akilaza karata zake, ziwe nzuri ziwe mbovu, unamshukuru kwanza, ndipo unacheza. Miaka yote hiyo sikuwahi kusahau. Siku hiyo sikusahau pia. Nilimnyima.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimeyasema kwa hiari yangu, na Haradhan Pakrashi aachwe aende kwake.

Sahihi: S. Guhathakurta

Maelezo ya mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali na kutia sahihi mbele yangu. Baada ya hapo aliomba kalamu tena, akaongeza chini ya jina lake kwa mkono wake mwenyewe: "Asante, mwenzangu." Nimeyaacha kama yalivyo.
P. Sarkhel, Mkaguzi Msaidizi